Kushusha motokari: uzuri wa siku ya Mungu, hesabu ya juma nzima

Wamama wapendwa, na ninyi wababa mnaongoja wamama wamalize ndipo msome,

Juma hii hatuongei juu ya homa ya watoto wala juu ya bei ya unga. Tunaongea juu ya motokari, na hasa juu ya vijana wetu wanaotaka kuishusha, ni kusema kuipunguza kimo ili tumbo lake likaribie barabara. Mtu asituambie kwamba hayo ni mambo ya wanaume. Katika nyumba nyingi za hapa Lubumbashi motokari ilipatikana kwa likelemba ya mama, inafanya kazi ya taksi kutoka asubuhi mpaka giza, na ndiyo inayolipa minervali ya watoto walio sekondari. Kitu kinacholipa minervali ni jambo letu.

Siku ya Mungu mchana, watu wakiisha kutoka kanisani, pitieni pale vijana wanapooshea motokari. Mtaziona zile zilizoshushwa: Altezza, Mark II, hata IST ndogo. Pine zimejificha nusu chini ya bati, janti zinang'aa, na kati ya tumbo na lami hata paka angeinama kupita. Tuseme kweli: ni nzuri. Sisi ni watu wa nchi ya Papa Wemba, na hatuwezi kumcheka mtu anayetaka kitu chake kionekane vizuri. Kijana ambaye hana nyumba wala cheo, lakini ana usukani mkononi, anataka watu wageuze kichwa anapopita. Tunamwelewa.

Lakini katika mikutano yetu ya kiangazi hiki swali lilelile limerudi mara nne, kila mara kwa mama mwingine. Mtoto anataka kukata resori za motokari ya nyumba. Baba anasema, mwache, ndiye anayeiendesha. Mama halali vizuri, lakini hana maneno ya kujibu, sababu mtoto anaongea juu ya kona na juu ya namna motokari inavyoshika barabara, na mama hakusoma umekanika. Kwa hiyo tulizunguka garaji tatu, tukauliza mafundi, tukapima kwa rula ya darasani, tukafungua tena daftari la fizikia. Haya ndiyo tuliyoyapata.

Kwanza tujue desturi hii ilitoka wapi, maana inaeleza mengi. Huko California, Marekani, kisha vita ya pili ya dunia, vijana wenye asili ya Mexico walianza kushusha motokari zao za zamani. Wengine waliweka mifuko ya mchanga ndani ya kofre, wengine wakakata resori. Hawakutafuta mbio hata kidogo. Walitaka kutembea polepole jioni, watu wawatazame. Mwaka 1958 sheria ya California ikakataza sehemu yoyote ya motokari, isipokuwa magurudumu yenyewe, kuwa chini kuliko ukingo wa janti. Mwaka uliofuata kijana mmoja, Ron Aguirre, akafunga kwenye Corvette yake pampu zilizotoka kwenye ndege: polisi akionekana anaiinua, polisi akipita anaishusha tena. Tulicheka tuliposoma hayo, sababu tunawajua vijana wetu; nao wangefanya vile vile.

Wajapani nao wana mapenzi hayo. Lakini kwao sheria inadai tumbo la motokari libaki angalau sentimita 9 juu ya barabara. Na hapa jambo linatugusa sisi, kwa kuwa motokari nyingi za mji wetu zinatoka Japani, usukani kuume, zinashuka kwenye bandari ya Dar es Salaam, zinavuka Zambia na kuingia kwa Kasumbalesa. Kati yake mnakuwa zingine ambazo mwenye nazo wa kwanza alikwisha kuzishusha kule. Mtu wa hapa ananunua akifikiri ndicho kimo chake cha kiwandani.

Angalieni basi: California na Japani, barabara ni lami laini kama meza, na motokari imebeba mtu mmoja ao wawili. Tuweke jambo hilo kando kidogo, tutalirudilia.

Kijana anaposema, "Mama, ikishuka inashika barabara vizuri," hadanganyi. Fikirini mama aliyebeba ndoo ya maji kichwani. Akigeuka haraka, ndoo inataka kuendelea kule alikokuwa anaenda. Mama mwenye mtoto mgongoni anageuka bila taabu, maana uzito uko chini zaidi. Motokari ni hivyo. Kwenye kona uzito unahama kutoka pine za upande wa ndani kwenda pine za upande wa nje, na kadiri uzito unavyokaa juu, ndivyo unavyohama zaidi.

Sasa tupige hesabu, kama tunavyoomba wanafunzi wapige kabla ya kubishana. Tuchukue motokari ambayo katikati ya uzito wake iko sentimita 55 juu ya barabara. Ukiishusha sentimita 4, uzito unaohama kwenye kona unapungua kwa 4 gawanya 55. Ni karibu asilimia 7. Kwa mtu wa mashindano asilimia 7 ni mali. Kwa taksi inayotoka Katuba kwenda mjini na abiria wanne, hakuna kona ambamo dereva atazisikia, labda kama anaenda mbio zisizofaa abiria.

Tena faida hiyo ndogo inaweza kupotea. Motokari ndogo nyingi, pine za mbele zimeshikwa na mkono mmoja wa chuma kwa chini na amotisere kwa juu. Kiwandani mkono huo umepangwa uwe karibu sawasawa na barabara, ao uteremke kidogo kuelekea pine. Ukishusha motokari sana, mkono unapanda kuelekea pine, na ile nukta ambayo motokari inalalia kwenye kona inashuka haraka kuliko uzito wenyewe. Matokeo yake ni ya kushangaza: motokari ya chini inaweza kutaka kulala kwenye kona kuliko ile ya juu. Wenye garaji kubwa za mashindano wanabadilisha vyuma vingine ili kurekebisha hayo. Aliyekata resori tu hakurekebisha kitu.

Kuna jambo lingine ambalo mafundi wote watatu walitaja kabla hatujauliza. Resori inahitaji nafasi ya kujikunja. Pine ikipanda juu ya jiwe, resori inajikunja. Ikifika mwisho wa nafasi yake, inagonga kipande cha mpira kilichowekwa pale ili chuma kisipige chuma. Ukishusha motokari, unakula nafasi ile. Ni kama kuchukua godoro la sponji na kukata nusu ya unene wake: ukilala, unasikia mbao. Na pale mpira unapogonga, pine haifuati tena barabara. Inaruka. Pine iliyo hewani haishiki barabara, haigeuki na haisimami hata ukikanyaga freni kwa nguvu zote. Kwa hiyo kwenye lami laini motokari ya chini inashika barabara, na kwenye mashimo ni kinyume.

Kama kijana hamwamini mama yake, awatazame watu wa mbio. Safari Rally ya Kenya, iliyoanza mwaka 1953, ilipita kwenye barabara za udongo na mawe zinazofanana na zetu. Toyota Celica ilishinda pale miaka mitatu mfululizo, 1984, 1985 na 1986. Zilikuwa motokari zilizotayarishwa kwa njia mbovu, kimo chake juu, na nafasi kubwa ya resori kujikunja. Watu wanaojua kuendesha kuliko sisi wote, wakifika kwenye udongo, wanainua. Wakienda kwenye mashindano ya lami, ndipo wanashusha.

Turudilie basi barabara. Lubumbashi ina lami nzuri mahali fulani. Hatuwezi kuudharau mji wetu. Lakini ni nani kati yetu anayekaa kando ya lami? Kutoka barabara kubwa mpaka kwenye uwanja wa nyumba kuna udongo mwekundu, mifereji iliyochimbwa na mvua, na mabomba ya maji ambayo mtu alifukia nusu. Mvua ikianza kutoka Oktoba ao Novemba, shimo linajaa maji na dereva hajui kama ni sentimita 5 ao 30. Kisha kuna dodani, yale matuta ya mbele ya masomo. Zingine zilijengwa vizuri. Zingine zilijengwa na watu wa mtaa wenyewe, juu ya kulinda watoto, kwa sementi iliyobaki, na hizo ni kama ukuta mdogo. Sisi walimu tuliziomba, na hatutaziondoa kwa ajili ya Altezza ya mtu.

Hapa tuingie kwa mmoja wa wamama wetu, ambaye ametupa ruhusa ya kueleza jambo lake bila jina. Yeye na bwana yake walinunua IST kwa likelemba ya miaka miwili. Mtoto wao wa pili, miaka 22, ndiye anayeiendesha kama taksi, na kila jioni analeta pesa ya siku. Ni kijana mzuri, halewi, hafichi pesa. Kiangazi hiki akaomba kuishusha. Fundi mmoja wa kuchomea chuma alikuwa amemwambia kwamba kwa dola 20 atakata resori zote nne kabla ya saa sita.

Mama akakataa. Kijana akamwambia, "Mama, niko ndani ya motokari ile saa kumi na mbili kwa siku. Sina haki hata ya kuipenda?"

Mama akamjibu, "Papa, uipende. Lakini usiikate."

Baba akasema mama anamfunga mtoto. Ikawa maneno ya nyumba nzima, mpaka kufika kwa shangazi. Mama akaleta jambo katika mkutano, na badala ya kutoa hukumu tukamwomba kijana aje na motokari siku ya posho, kwenye uwanja ambamo tunakutania. Alikuja, uso umekunjwa, lakini alikuja.

Tulipima kwa rula sehemu iliyo chini kabisa, bomba la moshi chini ya kiti cha nyuma. Motokari tupu: sentimita 15. Kisha tukaomba wamama watatu wa chama waketi nyuma (uzito wao hatuuandiki hapa), na ndani ya kofre tukaweka mifuko miwili ya unga ya kilo 25. Ndivyo anavyobeba abiria wanaotoka sokoni. Tukapima tena: sentimita 10 na nusu. Kisha tukaenda kwa miguu kupima dodani iliyo karibu na masomo. Sentimita 10.

Hatukusema neno. Kijana mwenyewe alishika rula na kurudilia kupima. Anajua kutoa: ukikata resori sentimita 4, inabaki 6 na nusu. Akasema, "Dodani ile ninaipita kwa kukingama, pine moja moja." Ni kweli, madereva wanafanya hivyo. Lakini na dodani ya pili? Na jiwe lililo katikati ya njia usiku? Bomba la moshi likipasuka ni kelele tu na pesa kidogo. Karteri ya mafuta ikitoboka, dereva asipoona taa nyekundu na kuzima mara moja, moteri inakufa ndani ya dakika chache. Pale hatuongei tena juu ya uzuri. Tunaongea juu ya mtoto anayerudishwa nyumbani kwa sababu minervali haikulipwa.

Jambo ambalo lilibadilisha mazungumzo lilikuja kwa njia nyingine. Mama mmoja akamwuliza kijana kwa upole ni nini hasa kinachomsumbua kwenye kona. Akaeleza kwamba motokari inayumba, nyuma inachezacheza, na kwenye lami ya barabara ya Likasi anaogopa. Tukampeleka kwa fundi. Amotisere mbili za nyuma zilikuwa zinavuja mafuta, zimekufa. Silambloki za mbele zimepasuka. Pine moja ya nyuma ilikuwa na upepo nusu. Kijana alikuwa anataka kutibu ugonjwa wa kweli kwa dawa isiyo yake. Tunafikiri hata kwa wengine ni hivyo: motokari zetu zinafika zikiwa na miaka kumi na tano ao ishirini, amotisere hazijabadilishwa tangu Japani, na kijana anayesema "haishiki barabara" anasema kweli. Wamama, msimfukuze kwa maneno. Mwulizeni inafanya nini, wapi, kwa mwendo gani, halafu mpelekeni kwa fundi anayejua kutazama chini.

Na kukata kwenyewe? Inapashwa tuongee wazi, maana ndiko kunakoletea watu hatari, hata kuliko kushuka kwenyewe.

Kuna anayekata resori kwa mashine ya kukatia chuma, na kuna anayeichoma kwa moto mpaka inalala yenyewe. Wa pili ndiye mbaya zaidi. Chuma cha resori kimepikwa kiwandani kwa kipimo, na nguvu yake iko katika mpiko ule. Ukikiwasha moto tena hadi chekundu, unaharibu kazi ile: kitaendelea kulala kidogo kidogo, ao siku moja kitavunjika. Wa kwanza haharibu chuma namna hiyo, lakini anakata mwisho wa resori, ule uliotengenezwa ili ukae vizuri katika kikombe chake. Kwenye barabara sawa hutaona kitu. Pine ikishuka ndani ya shimo refu na resori ikalegea, inaweza kutoka mahali pake. Mfikiri hilo likitokea kwenye teremko, abiria wanne ndani.

Tena resori fupi ni ngumu zaidi. Yenye mizunguko 6 inayofanya kazi, ukikata mmoja inabaki 5, na ugumu wake unapanda kwa sita gawanya tano, ni kusema asilimia 20. Amotisere ya kawaida haikupangiwa ugumu huo. Kila jiwe linapiga moja kwa moja kwenye rotili, kwenye silambloki, kwenye bati, na kwenye mgongo wa bibi mzee aliyeketi nyuma, ao tumbo la mama mjamzito anayepelekwa hospitali. Motokari hiyohiyo inayofanya taksi mchana ndiyo inayopeleka mama kuzaa usiku. Katika garaji hakuna aliyetukumbusha hilo, tulilikumbuka wenyewe.

Pine nazo zinaumia. Motokari ikishuka, pine zinalala kidogo, juu zikiingia ndani, na upande wa ndani unaliwa bila mtu kuona. Pitisheni mkono nyuma ya pine, kule kusikoonekana. Ukigusa nyuzi, pine hiyo imekwisha hata kama upande wa nje ni mzuri kama mpya. Kwa hiyo kila mara kimo kinapobadilika, hata kwa resori nzuri, inaomba kurudilia paralelismu.

Hatutaki mtu aseme chama cha wamama kimekataza vijana kupendeza. Kijana aliye na motokari yake mwenyewe, ambayo haimlishi mtu mwingine, anayetembea mjini peke yake ao na mchumba, anaweza kushusha kidogo. Sentimita 2 ao 3, si zaidi. Anunue resori fupi zilizotengenezwa kwa aina ileile ya motokari, zote nne, pamoja na amotisere zinazopatana nazo, na azihifadhi zile za zamani ili aweze kuzirudisha siku atakapooa. Wenye pesa wanafunga amotisere zenye uzi wa kuzungusha, ambazo kimo chake kinapandishwa na kushushwa kwa ufunguo. Ni nzuri, lakini vumbi letu jekundu linakwama katika uzi huo, na kisha mvua moja ufunguo haugeuki tena kama hakuna anayeusafisha. Bei yake hatuiandiki, maana kila muuzaji ana yake. Ulizeni, halafu mweke hesabu hiyo kando ya hesabu ya minervali, mtazame.

Wengine wanafanya kinyume, wanainua motokari kwa kuweka vipande vya chuma ao vya mpira juu ya resori. Kwa barabara zetu kuna maana katika hilo, lakini nako kuna mpaka. Ukiinua sana, kardani zinakaa kwa kupinda, mpira unaozifunika unapasuka, na motokari inakuwa kama yule mama wa ndoo kichwani. Sentimita 2 zinatosha kwa nyumba nyingi.

Kwa yule kijana wetu, nyumba yake ilipatana hivi: resori zinabaki za kiwandani, pesa ya juma tatu ikanunua amotisere mpya za nyuma na silambloki, na pesa ambayo angempa mtu wa kukata, akiongeza yake ya siku ya Mungu, anatafutia janti za mtumba zenye kipimo kilekile. Baba bado anasema ingependeza zaidi chini. Kijana hajakubali kabisa kwamba tulikuwa na haki, lakini anasema kwenye barabara ya Likasi sasa haogopi.

Kwa wale wanaotafuta motokari ya kununua kabla ya mvua, mambo machache. Msiitazame ikiwa imepandishwa kwenye jiwe ao kwenye uwanja wenye mteremko. Isimame mahali sawa. Tazameni kama resori zina rangi ya kung'aa isiyofanana na vyuma vingine vya chini, maana mara nyingi hizo si za kiwandani. Wekeni ngumi kati ya pine na bati la juu: kama haiingii hata kidogo, ulizeni kwa nini. Inameni mtazame karteri na bomba la moshi kama vina mikwaruzo mipya. Na jioni, simamisheni motokari mbele ya ukuta na kuwasha taa. Motokari za Japani zimepangiwa watu wanaotembea upande wa kushoto, kwa hiyo mwanga wake wa chini unaelekea kushoto, na kwetu kushoto ndiko anakotoka mwenzako. Hilo peke yake ni shida. Lakini kama nyuma imeshushwa kuliko mbele, taa zinainuka pia, na anayekuja mbele yenu haoni mtoto anayevuka.

Muuzaji akikubali kwamba ilishushwa, si lazima kuiacha. Ombeni arudishe resori za kiwandani kabla ya kulipa, ao aondoe bei yake katika bei ya motokari. Zinapatikana kwa wauza vyuma vya mtumba, lakini ziwe za aina ileile na za mwaka unaopatana, na zote mbili za mbele ao zote mbili za nyuma, kamwe si moja.

Rula ya chama, ile ndefu ya mbao, iko kwa katibu wetu. Anayeihitaji aichukue kabla ya siku ya posho na airudishe siku ya kwanza asubuhi, maana darasa la tano wanaingojea kwa somo la vipimo.